Jina la Siku ya Nane: Mwaka Mpya na Kumtumaini Kristo katika Nchi ya Mara

Usharika uliotimiza miaka 100 umekwisha kuuvuka Mwaka Mpya mara 100. Kwa desturi ya kale ya Kanisa la Kilutheri, somo la Injili la siku ya kwanza ya Januari ni Luka 2:21, nalo ni mstari mmoja tu. Siku nane zilipotimia mtoto alitahiriwa, akapewa jina la Yesu, jina ambalo malaika alikuwa amelitaja kabla mimba yake haijatungwa. Msomaji wa zamu humaliza kulisoma kabla waliochelewa hawajapata mahali pa kukaa. Kwa sababu ya ufupi huo, na kwa sababu washarika wengi wamekesha usiku kucha, somo lenyewe hupita upesi. Mahubiri hugeukia shukrani za mwaka uliopita, ahadi za mwaka unaoingia, na bahasha mpya ambazo wazee wa kanisa wamekwisha kuzipanga mezani.

Katika Mkoa wa Mara mstari huo hauwezi kupita upesi hivyo. Unazungumza juu ya kisu na jina, na huko Mara mwezi wa Desemba ni mwezi wa mambo hayo mawili. Kutoka Musoma kando ya Ziwa, kupitia Bunda kwenye barabara kuu iendayo Mwanza, hadi vilima vya Butiama na kuendelea mpaka Serengeti na Tarime, mwisho wa mwaka ni majira ambayo baadhi ya jamii zimezoea kuwatia vijana wao alama na kuwahesabu kuwa watu wazima. Historia ya kumtumaini Kristo wakati wa Mwaka Mpya katika nchi hiyo, kwa hiyo, haiwezi kutenganishwa na swali la kale sana: mtu huyu ni wa nani, na ni alama gani inayomthibitisha?

Siku ya kwanza ya Januari

Yafaa ikumbukwe kwamba Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, na mtu akipenda kusema kwa usahihi, Wakristo husherehekea Mwaka Mpya wakati mwaka wao wenyewe umekwisha kuanza majuma kadhaa nyuma. Januari 1 ni urithi wa Roma. Julius Caesar alipotengeneza upya kalenda, mwaka wa kwanza wa kalenda hiyo ulianza Januari 1 ya mwaka 45 kabla ya Kristo. Warumi waliipokea siku hiyo kwa karamu, zawadi na ubashiri, hata Kanisa la karne za kwanza likaitazama kwa mashaka makubwa. Sinodi iliyokutana Tours, katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa, mwaka 567, iliagiza siku hizo ziwe za kufunga na kuomba, ili Wakristo wasivutwe na desturi za kipagani. Baadaye tu, kwa kuwa Januari 1 ni siku ya nane tangu Krismasi, ndipo siku ile ilipojazwa habari ya kutahiriwa kwa Mwana wa Mungu na kupewa jina.

Martin Luther aliikuta siku hiyo tayari imekwisha kuchafuka tena. Katika kitabu chake cha mahubiri alichokiandika akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg na kuchapishwa mwaka 1522, aliwalaumu wahubiri waliokuwa wakiwagawia watu heri za mwaka kutoka mimbarani, hawa hili na wale lile, kana kwamba Injili haikuwa na neno la kutosha kuhubiriwa. Yeye alishika mstari wake mmoja na kueleza jina. Lawama hiyo haijazeeka. Katika miaka ya karibuni wako wahubiri, si wa dhehebu moja, wanaoutangaza kila mwaka unaoingia kuwa mwaka wa kuinuliwa au wa kuvuka, na Desemba inayofuata hakuna anayeulizwa ni nani aliyeinuliwa.

Miaka zaidi ya 200 baada ya Luther, tarehe 1 Januari 1735, J. S. Bach aliwasikilizisha watu wa Leipzig sehemu ya nne ya Oratorio yake ya Krismasi, yote ikiwa juu ya jina la Yesu. Ni mji huo huo ambao Misioni ya Leipzig ilikuja kuufanya makao yake, na ambao uliwatuma wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Walutheri wa Kilimanjaro waliokwenda baadaye kufanya kazi Musoma na Bunda walikuwa, bila wengi wao kujua, warithi wa ibada hiyo.

Miaka iliyohesabiwa kwa viwavi na mvua

Kabla ya kalenda ya Caesar kufika kwenye pwani ya mashariki ya Ziwa, miaka ilihesabiwa kwa njia nyingine. Mwaka ulikuwa mwaka wa jambo fulani: wa njaa, wa ugonjwa wa ng'ombe, wa mvua iliyozidi. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Butiama, katika nyumba ya mtawala wa Wazanaki. Mzee Nyerere Burito, aliyezaliwa yapata mwaka 1860, alipewa jina la viwavi waliokuwa wameivamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Mwanawe aliyezaliwa Aprili 1922, katika majira ya masika, aliitwa kwanza Mugendi, yaani mwenda kwa miguu. Lakini kwa shauri la mganga jina hilo likabadilishwa, akaitwa Kambarage, jina la roho wa mvua. Baba alibeba jina la tauni na mtoto akabeba jina la baraka. Mtu aliyejua majina hayo alijua pia kalenda, maana kila jina lilikuwa tarehe.

Mbali na majina, kulikuwa na marika. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye alitumia miaka mingi kukusanya masimulizi ya wazee wa Mara na kuyaandika katika vitabu vyake vilivyotoka mwaka 2003 na 2007, ameonyesha jinsi jamii za Wanata, Waikoma, Waikizu na jirani zao walivyoukumbuka wakati kwa rika lililokuwa limeshika zamu, na jinsi rika hilo lilivyoizunguka mipaka ya nchi ili kuiponya na kuifungia maovu nje. Kuanza upya hakukuwa suala la usiku mmoja. Kulihitaji miguu ya vijana, dawa ya wazee, na nchi yenyewe kukanyagwa mpaka hadi mpaka. Wamisionari wa kwanza waliona mambo hayo kuwa giza tupu. Yalikuwa na giza ndani yake, lakini yalikuwa pia sala ya watu waliojua kwamba wakati hautengenezeki wenyewe.

Kijana Kambarage alichongwa meno kwa desturi ya Wazanaki, alama aliyoichukua maisha yake yote. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma, mbali na kwao kiasi cha kilomita 40. Huko alianza kujifunza dini, akaendelea Tabora. Hata hivyo hakubatizwa upesi. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alirudi likizo na kubatizwa katika misheni ya Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius. Siku tisa baadaye aliingia Mwaka Mpya wake wa kwanza akiwa Mkristo. Wenye kupenda kuoanisha mambo watakumbuka kwamba jina hilo lilikuwa la yule yule aliyeipa dunia Januari, na kwamba Mwalimu ndiye aliyekuja kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mtu huyo kwa Kiswahili.

Mwalimu alikuwa Mkatoliki, na Walutheri hawana sababu ya kumdai. Anatajwa hapa kwa kuwa maisha yake yanaonyesha kilichotokea kwa maelfu ya watu wa Mara wasiojulikana. Jina la mvua halikufutwa. Mpaka alipozikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999, aliitwa Julius Kambarage, majina yote mawili kwa pamoja, na meno yake hayakunyooshwa. Ubatizo haukumtoa katika ukoo; ulimpa Bwana mwingine. Katika uzee wake alizitumia siku nyingi kuziweka Injili katika tenzi za Kiswahili, kazi iliyochapishwa mwaka 1996, na mwaka 2005 Kanisa lake lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Waliotangulia, na Walutheri

Walutheri si wa kwanza Mara. Waadventista Wasabato walikuwa wameanza kazi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mapadre Weupe walifungua Nyegina mwaka 1911. Na upande wa kusini, Nassa ilikuwa kituo cha CMS tangu mwaka 1888 kabla ya kukabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Wamenoni kutoka Marekani walianza Shirati mwaka 1934, na hospitali yao ikajulikana pande zote za mpaka.

Jambo moja kutoka Shirati halipaswi kuachwa. Agosti 1942 uamsho uliokuwa umewaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kupita Uganda, ulifika huko. Watu walisimama kanisani wakaungama wizi, chuki na ulaghai, Waafrika mbele ya wamisionari na wamisionari mbele ya Waafrika. Kutokana na kizazi hicho alitoka Zedekia Kisare, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania mwaka 1967. Uamsho uliwafundisha Wakristo wa ukanda wa Ziwa, pamoja na Walutheri wa Bukoba, kwamba mwanzo mpya huja kwa kuungama. Ibada nyingi za mkesha katika ukanda huo zimebaki na sura hiyo: kabla ya saa sita ya usiku ni toba, baada yake ni nyimbo.

Walutheri wenyewe walikuja nyuma ya hao wote, na wengi wao walikuja kama wageni: walimu, wauguzi, makarani, askari, wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, Bukoba na kwingineko. Waliabudu kwa kukusanyana, wakatafuta kiwanja, wakaomba mwinjilisti. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa KKKT, kikundi cha waumini waliotawanyika kikapata jina moja nchi nzima. Palikuwa, na bado pako, na shida moja ya kuchekesha kidogo katika sharika za namna hiyo. Desemba ikifika, nusu ya kwaya hupanda basi kwenda kwao kula Krismasi, na Mkesha wa Mwaka Mpya huangukia mikononi mwa wale waliobaki. Waliobaki ndio wenyeji. Kwa njia hiyo isiyopangwa na mtu, usiku wa Mwaka Mpya ukawa katika sharika hizo usiku wa Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakuria na Wajaluo, na sala zikapanda kwa lugha za nyumbani.

Mkesha

Kukesha usiku wa tarehe 31 Desemba si desturi iliyoanzia kwa Walutheri. Jumuiya ya Wamoraviani ya Herrnhut, Ujerumani, ilikesha hivyo tangu mwaka 1733, na Wamethodisti wa Uingereza wakaiga miaka michache baadaye. Kutoka kwao ilienea. Mkesha ulio mkubwa kuliko yote katika historia ulikuwa ule wa tarehe 31 Desemba 1862, Waafrika wa Marekani walipokusanyika makanisani kuingojea siku ambayo Rais Abraham Lincoln alikuwa ameahidi kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Kwao kuvuka mwaka hakukuwa mfano wa maneno. Kulipokucha, walikuwa watu huru mbele ya sheria, ingawa wengi walilazimika kungoja majeshi yafike.

Mara imekuwa na mikesha yake mizito. Mvua za vuli za mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, zilizidi kipimo, na kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa kiasi cha mita mbili na nusu, likala mashamba na mialo. Mwaka wa kwanza wa taifa jipya uliingia huku wavuvi wakihamisha nyumba. Ziwa lilipanda tena hadi kuvunja rekodi mwaka 2020. Aidha, Januari 1 ya mwaka 1979 ilizikuta familia nyingi za Mara, mkoa uliojulikana kwa kutoa askari, zikiwa na vijana wao mstari wa mbele Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia nchi miezi miwili kabla, na kabla ya Januari kwisha wana hao walikuwa wamevuka mpaka wa Uganda. Akina mama walioomba usiku ule hawakuomba mwaka wa mafanikio. Waliomba mtoto arudi, na wako ambao hakurudi, nao waliendelea kuja kanisani.

Hapo ndipo yafaa kutaja utenzi mmoja wa Kilutheri uliozaliwa katika hali kama hiyo. Desemba 1944 mchungaji Dietrich Bonhoeffer, mfungwa wa Gestapo mjini Berlin, aliwaandikia mchumba wake na wazazi wake shairi la kuingia mwaka 1945, ambalo leo huimbwa katika makanisa mengi ya Ujerumani usiku wa mwisho wa mwaka. Shairi hilo linauchukua mwaka ujao pamoja na kikombe chake kichungu, bila kumwekea Mungu masharti. Mwandishi alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, siku mia moja hivi baada ya Mwaka Mpya huo. Imani ya namna hii haikuahidiwa kwamba mambo yatakuwa mema kabla ya Pasaka.

Msimu wa Desemba

Inabaki habari ya kisu. Hapana budi isemwe wazi, kwa sababu vitabu vya kumbukumbu za sharika huwa na tabia ya kuipita.

Tohara ya wavulana si tatizo kwa Kanisa. Wakristo wa jamii zinazotahiri huwapeleka watoto wao hospitali, na wasiotahiri, kama Wajaluo wa zamani, hawakulazimishwa na Injili. Mtume Paulo aliimaliza hoja hiyo alipowaandikia Wagalatia, na akawaambia Wakolosai juu ya tohara ambayo haikufanywa kwa mikono, aliyoifungamanisha na ubatizo. Lakini katika baadhi ya jamii za Mara, hasa Wakuria na baadhi ya jirani zao, wasichana nao hukeketwa. Msimu ni Desemba, shule zinapofungwa, na kwa desturi huwa mkubwa zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila hutangaza, ngariba hulipwa, ng'ombe wa mahari wanangojewa, na msichana asiyepitia huitwa kwa jina la kudhalilisha. Wako waliotokwa damu hadi kufa. Wako walioolewa kabla kidonda hakijapona vizuri, na elimu yao ikaishia hapo.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mabadiliko yamekuja polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliwakuta wanawake waliokeketwa kuwa asilimia 32 katika Mkoa wa Mara, wakati kwa nchi nzima walikuwa asilimia 10. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28 Mara na 8 nchi nzima. Takwimu hizo zinahesabu wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliobatizwa pamoja na wasiobatizwa. Haiwezekani kudhani kwamba mabinti wa Wakristo hawamo. Wamo, na baadhi ya wazazi wao waliokesha kanisani tarehe 31 walikuwa wamewapeleka kwa ngariba majuma mawili kabla, kwa siri au kwa ngoma. Katika maeneo mengi Kanisa lilinyamaza kwa muda mrefu, likihofia kupoteza watu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Nchini Kenya mwaka 1929, misheni za Wapresbiteri na za Africa Inland ziliwataka Wakristo wa Kikuyu watie alama ya kidole kukana ukeketaji. Agizo lilitoka kwa wageni, liliandikwa kwenye karatasi, na liliunganishwa katika fikira za watu na kunyang'anywa ardhi. Makanisa yalikaribia kubaki matupu, shule za kujitegemea zikazaliwa, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 1930 mmisionari Hulda Stumpf aliuawa nyumbani kwake Kijabe. Wengi walikihusisha kifo chake na mgogoro ule, ingawa hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka Mpya huo ulikumbukwa na misheni za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na kwa baadhi yao ukawa udhuru wa kutosema lolote.

Njia nyingine zilikuwapo. Kusini mwa Tanganyika, Vincent Lucas wa Kanisa Anglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikwisha kuanza kuendesha jando la wavulana ndani ya mafundisho ya Kanisa. Kilimanjaro, mmisionari wa Leipzig Bruno Gutmann aliwapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vya kulindana vilivyofuata desturi ya marika ya Wachaga. Gutmann amelaumiwa kwa kuipenda mno mila, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini aliona jambo ambalo walioleta karatasi ya kidole hawakuliona, kwamba kijana anayenyimwa rika lake atalitafuta popote litakapopatikana. Kipaimara, kinachofanyika katika sharika nyingi kuelekea mwisho wa mwaka, ndicho kilicho karibu zaidi na rika katika Kanisa la Kilutheri: kuna mafundisho, mavazi meupe, mashahidi, chakula, na jina linalotamkwa mbele ya kusanyiko lote. Msichana anayekishiriki amekwisha kuhesabiwa mtu mzima na Kanisa. Inakuwaje baba yake akubali cheti hicho Novemba na kukikanusha Desemba?

Katika miaka ya karibuni walioongoza mapambano hayo si wageni. Ni wanawake wa Mara wenyewe, na wasichana waliokimbia. Kituo cha Masanga wilayani Tarime, kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, kimekuwa kikipokea mamia ya wasichana katika kambi za Desemba, kikiwafundisha na kuwaandalia mahafali ya kuingia utu uzima bila kukatwa. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua Nyumba Salama mjini Mugumu. Rhobi Samwelly, mwenyewe aliyekeketwa akiwa msichana bila ridhaa yake, aliisimamia, na baadaye shirika analoliongoza likawa na nyumba nyingine Kiabakari, wilayani Butiama, si mbali na kaburi la Mwalimu. Wasichana hufika hapo usiku, wengine wametembea porini mchana kutwa, wengine wameletwa na polisi au na mwenyekiti wa kijiji mwenye ujasiri. Madhehebu yao hayaulizwi mlangoni.

Kwao Krismasi na Mwaka Mpya huliwa mbali na nyumbani. Huimba, hucheza, hufundishwa kushona na kompyuta, na usiku wa tarehe 31 husali pamoja. Kumtumaini Kristo kwa msichana wa miaka 12 aliyemkimbia mama yake ni jambo zito kuliko linavyosikika katika nyimbo. Amewaacha watu ambao bila wao, kwa kila alichofundishwa, yeye si mtu. Ameamini neno alilolisikia labda shuleni, labda katika shule ya Jumapili, kwamba mwili wake ni mzima na jina lake linajulikana mahali pengine. Somo la Januari 1 linapofikia watoto kama hao, hawahitaji kuelezwa maana ya kisu. Mhubiri anaweza kuwaambia jambo moja ambalo Luther aliling'ang'ania katika mahubiri yake ya mwaka 1522, kwamba mtoto yule wa siku ya nane alijiweka chini ya sheria ambayo haikumpasa ili wengine watoke chini yake. Damu iliyomwagika ilikuwa yake, na haihitajiki nyingine ili mtu ahesabiwe kuwa wa watu wa Mungu.

Msimu ukipita huanza kazi isiyoonekana katika picha za Desemba. Maofisa wa ustawi wa jamii, polisi wa dawati la jinsia, watumishi wa nyumba salama, na mara nyingine mchungaji au mwinjilisti wa eneo, huenda nyumbani kwa msichana kuzungumza na wazazi. Mazungumzo huanza kwa hasira, hupita kwenye mahari, na hukawia sana kwenye aibu: jirani watasema nini? Wazazi wengi hatimaye hutia sahihi kwamba binti hatakeketwa, na siku ya kumrudisha mama hutoka hadi barabarani kumpokea. Wengine hukataa, na binti hubaki kule alikokimbilia, hutafutiwa shule ya karibu, na hukaa hapo miaka. Shule zinafunguliwa Januari hiyo hiyo. Mwalimu wa darasa anaita majina kwenye daftari la mahudhurio, na kila mmoja aliyepo anaitika kwa jina lake.